Joho la Mbega Ukumbini: Uchambuzi wa Kisa cha Fundi wa Moshi

Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu joho moja la ngozi ya mbega, fundi mmoja wa nguo wa mjini Moshi, na ukoo mmoja wa Kichaga ambao kihamba chake, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kiko kwenye miteremko iliyo juu ya mji huo. Majina yao na ya kata yao yameachwa kwa makusudi, kwa sababu jambo lenyewe linagusa sheria ya jinai na wahusika bado wanaishi pamoja na kusalimiana.

Mzee wa ukoo, ambaye ni baba mkubwa wa bwana harusi, alifika kwenye karakana ya fundi akiwa na kiroba. Ndani yake mlikuwa na joho la kufunika mabega na mgongo, lililoshonwa kwa ngozi nne zilizopangwa sambamba ili singa ndefu nyeupe za ubavuni mwa mbega zining'inie kama pindo. Ngozi mbili za katikati zilikuwa nzima. Ya kulia ilikuwa imeliwa na nondo hadi ikabaki na mabaka ya upara, na ya kushoto ilikuwa imekakamaa na kupasuka kando ya mshono baada ya kukaa miaka mingi darini, juu ya jiko la kuni. Mzee alitaka joho litengenezwe kwa ajili ya harusi ya mtoto wa mdogo wake: kijana avishwe ukumbini wakati ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa, inapoingizwa, mbele ya wakwe. Alisema kwamba yupo mtu aliyekwisha kumwahidi ngozi mbili mpya za kuziba nafasi ya zile zilizoharibika, na kwamba kazi ya fundi ingekuwa kuziunga tu.

"Fundi, hili si pambo," alisema. "Ni vazi la babu yangu. Mimi nililivaa, baba wa huyu kijana alilivaa, na yeye atalivaa."

"Nimekuelewa, Baba," fundi alijibu. "Ila hizo mbili za kuongeza si za babu."

Jibu hilo ndilo kiini cha kisa chote, ingawa wakati ule lilitolewa kwa upole, kama njia ya kuomba muda. Fundi hakukataa palepale. Alikuwa na kila sababu ya kuitaka kazi hiyo, kwa kuwa malipo yake yangempunguzia deni la pango, na mteja mwenyewe alikuwa mzee anayeheshimika, ambaye neno lake lingeweza kumletea harusi nyingine au kumfungia mlango. Aliomba siku chache. Joho likabaki karakanani, ndani ya kabati la vitambaa, na kwa kubaki nalo hivyo alifanya jambo ambalo nitalirudia baadaye, kwa sababu kwa maoni yangu halikuwa dogo.

Ombi la mzee lilikuwa na mambo matatu yaliyofungwa pamoja: kununua ngozi mpya, kutumia ngozi za zamani, na kutafuta kitu cha kuziba pengo. La kwanza ni jepesi kuliko yote. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, katika kifungu cha 86, inamtia hatiani mtu anayekutwa na nyara za Serikali, yaani mnyamapori au sehemu ya mwili wake, bila kibali, na ngozi ya mbega ni nyara. Kosa hilo huweza kushtakiwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi, ambayo adhabu zake si za kutania. Haimhitaji mtu awe amewinda. Kukutwa na ngozi kunatosha, na kwa hiyo fundi anayeipokea, anayeikata na anayeishona hawezi kusema kwamba yeye ni mkono tu wa mteja wake. Isitoshe, msitu wa Kilimanjaro, ambao zamani ulikuwa hifadhi ya misitu iliyo nje ya mipaka ya hifadhi ya Taifa, uliingizwa ndani ya KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, mwaka 2005. Mtu anayetega mbega juu ya ukanda wa nusu maili, ule ukanda wa msitu ulio kati ya vijiji na hifadhi, sasa anatega ndani ya hifadhi ya Taifa. Hata mbega wa msitu wa Rau, ambao mkazi wa Moshi anaweza kwenda kuwatazama kwa miguu na kurudi kabla ya chakula cha mchana, wanaishi katika msitu wa hifadhi.

Sheria inatosha kumzuia fundi, lakini haitoshi kueleza ubaya wenyewe, na mzee hakuwa mtu wa kunyamazishwa kwa namba za vifungu. Inafaa kumtazama mnyama anayezungumziwa. Mbega hula majani kwa wingi, na tumbo lake limegawanyika vyumba ili kuyachachusha, karibu na lilivyo tumbo la mnyama anayecheua. Hana kidole gumba cha maana mkononi, na karibu maisha yake yote ni ya juu ya miti, kwa hiyo vilele vya miti vinapokatwa hana mahali pa kuhamia, tofauti na nyani wanaozoea mashamba ya mahindi. Jike huzaa mtoto mmoja, baada ya mimba ya miezi ipatayo sita, na mtoto huyo huzaliwa mweupe mwili mzima kabla ya kuanza kupata weusi wa wazazi wake. Ngozi inayotakiwa kwa joho ni ya mbega aliyekomaa, mwenye singa ndefu za mgongoni na mkia uliojaa. Maana yake ni kwamba mwindaji huchagua walewale wanaozaa na kulea, na kundi lenyewe mara nyingi ni la wanyama wachache. Ngozi mbili ni jambo dogo kwa mshonaji na ni jambo kubwa kwa kundi la namna hiyo.

Mzee alikuwa na hoja tatu, na zinastahili kujibiwa moja moja, kwa sababu hazikuwa za mtu mjinga wala mkaidi.

Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba wazee wa Kilimanjaro walivaa mbega vizazi kwa vizazi na mbega hawakuisha. Kilichowamaliza, alisema, ni misumeno, moto, mashamba na majumba. Katika hilo yuko sahihi kwa kiasi kikubwa. Zamani ngozi za namna hii zilivaliwa na wachache, watu wa daraja fulani na katika nyakati fulani, na msitu ulikuwa mpana. Lakini hoja hiyo inamgeuka. Kama msitu umepungua, basi kila mbega aliyebaki ana uzito mkubwa zaidi kuliko alivyokuwa nao wakati wa babu, na desturi iliyokuwa haina madhara kwenye msitu mpana inapata madhara kwenye msitu mwembamba, hata kama aliyeukata si yule anayevaa.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba wageni ndio waliogeuza manyoya kuwa biashara. Hapa pia historia iko upande wake: tangu enzi za ukoloni ngozi za mbega zilisafirishwa kwenda Ulaya kwa ajili ya mapambo ya nguo, na perere, wanyama wadogo wa manyoya wanaoishi mitini kwenye mlima huu, waliwindwa ili ngozi zao ziunganishwe kuwa matandiko. Hata hivyo, kujua ni nani aliyeanza kosa hakumpi mtu zamu yake ya kulitenda. Nadhani mzee mwenyewe alilihisi hilo, kwa sababu hakulikazania.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na sitaki kuipita haraka. Aliuliza kwa nini mgeni mwenye fedha anaweza kulipia kibali, akampiga mnyama kwa bunduki na kusafirisha ngozi yake hadi kwao, ilhali mtu aliyezaliwa chini ya mlima huu haruhusiwi kuwa na vipande viwili vya kuzibia vazi la babu yake. Swali hili linaulizwa katika vijiji vingi vinavyopakana na hifadhi, na jibu la kawaida, kwamba uwindaji wa kitalii unafuata vibali na mgao, ni jibu sahihi la kiofisi lisilomridhisha muulizaji, kwa kuwa yeye haulizi utaratibu bali anauliza haki. Mimi naona malalamiko hayo ni ya kweli: kuna ukosefu wa usawa katika mpangilio ambao fedha hufungua mlango uliofungwa kwa desturi. Lakini malalamiko hayo anayedaiwa ni Serikali na sera zake, na mbega aliyeko mtini si mdaiwa. Kumuua yeye hakumpunguzii mzee dhuluma yoyote, na wala hakumgusi yule mgeni.

Kuhusu ngozi mpya, basi, fundi alikuwa na haki ya kukataa, na alipokataa alifanya vema. Ugumu unaanza na ngozi mbili nzima za katikati. Mbega wale walikufa zamani, pengine kabla ya wazazi wa fundi kuzaliwa. Kulichoma joho hakuwarudishii uhai. Hoja hii, kwamba aliyekwisha kufa amekwisha kufa, tunaitumia kila wiki bila kujijua: katika masoko ya mitumba ya Memorial na Kiboriloni mjini Moshi hukosi koti la baridi kutoka Ulaya lenye ukosi wa manyoya ya mnyama, na mwanamke wa Kibosho anayelinunua kwa ajili ya baridi ya Julai hapeleki shilingi yoyote kwenye banda la mfugaji wa wanyama wa manyoya huko lilikotoka. Sioni kwamba anatenda kosa. Kwa nini basi nisite kuhusu joho?

Ninasita kwa sababu ya jinsi ngozi kuukuu inavyofanya kazi katika soko la ngozi mpya. Ukishaziunganisha, ukazipaka mafuta na kuzichana singa, hakuna mgeni ukumbini anayeweza kutofautisha ngozi ya babu na ngozi ya mwezi uliopita, na hata mkaguzi atapata taabu. Ngozi ya urithi inakuwa kivuli ambacho ngozi ya ujangili hujificha chini yake, kwa kuwa kila mwenye ngozi mpya anaweza kusema ni ya urithi. Pili, harusi ya siku hizi haiishii ukumbini. Mpiga video atalichukua joho kwa karibu, MC atalitangaza, na picha zitasambaa kwenye simu za koo nyingine ambazo hazina joho la babu lakini zina harusi mwakani na zina fedha. Koo hizo zitauliza limepatikana wapi. Yule mtu aliyemwahidi mzee ngozi mbili atakuwa na jibu. Koti la mtumba lenye ukosi wa manyoya haliamshi mwindaji yeyote Kilimanjaro. Joho la mbega linaamsha, kwa sababu mnyama wake yuko hapa hapa, umbali wa safari ya daladala.

Tena kuna suala la karatasi. Kurithi si kibali. Mtu mwenye nyara anatakiwa awe na hati inayoonyesha kwamba anaimiliki kihalali, na ukoo huu haukuwa nayo. Ndiyo maana nilisema kwamba kulipokea joho na kulifungia kabatini kwa siku zile halikuwa jambo dogo: katika muda huo fundi ndiye aliyekuwa na nyara mikononi, katika jengo la kupanga, huku wanafunzi wake wawili wakiingia na kutoka. Alifanya hivyo kwa heshima, kwa kuwa hakutaka kumrudishia mzee kiroba chake mlangoni kama mtu aliyeleta uchafu. Naielewa heshima hiyo. Ila angeweza kuliangalia joho mbele ya mzee, akapima, akalirudisha kwenye kiroba na kuongea wakiwa wote wawili, bila kubaki nalo hata usiku mmoja.

Katika siku hizo shauri lilifika kwa familia nzima, na kila mtu akaja na lake. Mama wa bwana harusi alipendekeza manyoya ya bandia, yale meusi na meupe yanayouzwa kwa mita kwenye maduka ya vitambaa. Ni ya bei nafuu, hayana kesi na yanashoneka kwa cherehani ya kawaida. Watu wengi wangeishia hapo na kujiona wamemaliza. Lakini manyoya hayo hutengenezwa kwa akriliki au poliesta, ambazo chanzo chake ni mafuta ya petroli, hupukutisha nyuzi ndogondogo kila yanapofuliwa, na vazi la namna hiyo huvaliwa mara moja kisha likatupwa jalalani, ambako halitaoza katika maisha ya mjukuu. Hayo peke yake yasingetosha kuyakataa, kwa sababu madhara ya mita mbili za kitambaa si sawa na mbega wawili. Lililoyakataa ni neno la mzee: "Kama si mbega, lisijifanye mbega." Alisema kwa hasira, akitetea hadhi ya ukoo, lakini bila kukusudia alisema jambo ambalo mhifadhi angelisema kwa sababu zake mwenyewe. Nakala inayofanana sana na ngozi halisi inaendelea kuufundisha ukumbi kwamba bwana harusi wa heshima ni yule aliyevaa mbega, na wapo watakaotaka kuvuka kutoka kwenye nakala hadi kwenye asili.

Dada wa bwana harusi, ambaye yuko chuoni na aliacha nyama zamani, alikwenda mbali zaidi: asivishwe ngozi yoyote, ya mbega wala ya mbuzi. Kwake, kusema kwamba mbega ni adimu na mbuzi ni wengi ni kupima uhai kwa hesabu ya vichwa. Msimamo wake una mantiki moja tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu misimamo mingine yote iliyotolewa kikao kile. Walimjibu kwa kicheko, na hilo halikuwa jibu. Jibu ambalo lingefaa ni hili: mbuzi wa harusi hii wanachinjwa kwa ajili ya ndafu na mchuzi wa wageni, na ngozi zao zitatupwa shimoni, kwa kuwa bei ya ngozi mbichi imeshuka kiasi kwamba wachinjaji wengi hawaoni faida ya kuzibeba. Kuitumia ngozi hiyo hakuongezi kifo kwenye harusi hii. Angeweza kujibu, na kwa haki, kwamba siku ngozi itakapopata bei nzuri itakuwa sehemu ya sababu ya kumfuga na kumchinja mbuzi, na kwamba ugomvi wake ni na ndafu yenyewe. Hapo mimi na yeye tungeachana njia, kwa sababu naikubali ndafu, lakini ningemkubalia kwamba neno "mabaki" haliwezi kubeba hoja yote milele.

Pendekezo la mbuzi lilitoka kwa fundi, na mzee alilipokea haraka kuliko ilivyotarajiwa. Mbuzi si mgeni katika mila za mlimani. Kipande cha ngozi ya mbuzi wa tambiko kilivaliwa kidoleni na watu waliobarikiwa, kwa hiyo ngozi yake mwilini mwa bwana harusi haihitaji kutafutiwa maana. Ukoo ulikuwa na shughuli ya kuchinja wiki kadhaa kabla ya harusi, kwenye kikao cha mahari, na fundi aliomba ngozi tatu za siku hiyo.

Hapa inafaa kueleza kazi yenyewe, maana uamuzi mzuri unaweza kuharibika kwa kisu kibaya. Mchinjaji aliagizwa achune kwa ngumi zaidi kuliko kwa kisu, kwa sababu kila tundu la ncha ya kisu upande wa ndani hutokea kuwa dirisha ngozi inapowambwa. Ngozi zilipakwa chumvi nyingi siku ileile, zikakwanguliwa mafuta na nyama, zikawambwa kwenye fremu za mbao na kuanikwa kivulini. Jua kali lingezipika zikawa ngumu na kunuka. Kwa kuwa manyoya yalitakiwa yabaki, chokaa haikutumika kabisa, maana chokaa ndiyo inayong'oa nywele. Badala yake fundi alitumia shabu na chumvi, kisha mafuta, kisha kuzisugua na kuzinyoosha mpaka zikalegea. Njia hiyo haina kromiamu, ile inayotumika kutengeneza sehemu kubwa ya ngozi duniani na ambayo maji yake machafu yasiposafishwa huharibu mito. Upungufu wake ni mmoja: shabu hutoka kwenye maji, na kwa hiyo joho la namna hii lisinyeshewe. Wakati wa kukata, wembe ulipitishwa upande wa ndani tu ili usikate nywele, na mishono ilifanywa kwa mkono, kwa sindano ya pembetatu, huku kidole kikirudisha manyoya yasinaswe na uzi.

Sharti moja ambalo fundi hakulitoa, na ambalo ningelitoa mimi, linahusu namna mbuzi wale walivyofika. Walikuja kwa pikipiki, wamefungwa miguu na kulazwa juu ya kiti cha nyuma, kama tunavyoona kila siku ya mnada. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 ipo kwa ajili ya mambo kama hayo. Ukoo uliotumia kikao kizima kujadili mbega ambaye hawajamwona haukutumia dakika moja kumjadili mbuzi aliyekuwa akilia uani.

Bwana harusi alivishwa joho la mbuzi, jeusi lenye baka moja jeupe begani, na halikujifanya mbega. Joho la babu halikwenda ukumbini. Lilirudi mlimani ndani ya kiroba kilekile, na hapo ndipo kisa kilipobaki wazi, kwa kuwa mjomba wao anayeishi Ujerumani ameomba alichukue atakapokuja Desemba, watu wanapopanda kwao, ili akalitundike sebuleni. Wanyama wote wa jamii ya mbega, kima na nyani wako kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na ngozi hiyo haiwezi kuvuka mpaka bila vibali ambavyo havitapatikana kwa kitu kisicho na hati hata hapa nyumbani. Ushauri wangu kwa mzee ni kwamba asimpe, na asilifiche upya darini. Aende kwanza mikono mitupu, akiwa na wakili au mtu anayeijua sheria, akaulize ofisi ya wanyamapori ni utaratibu gani unaofaa kwa ngozi ya urithi isiyo na karatasi, na afanye hivyo mapema, kabla ndege ya mjomba haijatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro.